Yule Kaka wa Tarrowby

Baba aliweka kijiko chini. Uji wake wa shayiri ulikuwa bado unafuka mvuke.

"Hebu sema tena," alimwambia kaka yangu Wilfred. "Nadhani sikusikia vizuri."

"Nimemchumbia Lettice Tarrowby, Baba. Na amekubali."

"Tarrowby gani? Wale wale?"

"Ndiyo, Baba. Wale wale."

Mama alijifuta mdomo ingawa haukuwa na kitu. Mimi niliinamia sahani yangu nisionekane ninacheka.

Miaka ile, Uingereza nzima, hakuna aliyehitaji kuelezwa akina Tarrowby ni nani. Mabinti wanne wa Lodi Tarrowby, kabaila mwenye cheo, walitoka gazetini kila wiki kama habari za hali ya hewa. Sidonie, mkubwa wao, alikuwa ameshaacha waume wawili na kupitisha ndege yake chini ya daraja huku watu wakivuka juu. Venetia alifuga chui na kumlaza kwenye bafu la hoteli. Rosalba alichongwa sanamu akiwa kama alivyozaliwa, na sanamu yenyewe ikasimamishwa kwenye bustani ambako akina mama husukuma vigari vya watoto. Lettice, kitinda mimba, alikuwa na miaka ishirini na miwili na tayari alikuwa amevunja uchumba mara mbili.

Na sisi? Sisi akina Oldroyd wa Cawdale, huku Yorkshire, tulikuwa na kiwanda cha sufu na benchi letu kanisani. Basi.

"Ulimtoa wapi huyo?" Baba aliuliza.

"Gari lake liliharibika mbele ya kiwanda, akienda kwenye mbio za farasi."

"Na wewe ukalitengeneza."

"Nikalitengeneza."

"Ungeliacha, mwanangu. Ungeliacha hapo hapo barabarani likaota kutu."

Lakini Wilfred alikuwa na miaka thelathini na minne na hajawahi kumwomba Baba kitu tangu avae suruali ndefu. Uso wake asubuhi ile ulikuwa unang'aa kiasi kwamba hata Baba alishindwa kuendelea. Tukakubali kwenda kula chakula cha mchana nyumbani kwa wakwe watarajiwa.

Mvua ilinyesha njia nzima. Tulipofika kwao, huko Shropshire, Lettice alishuka ngazi mbio bila viatu, akanikumbatia kabla hata sijavua koti.

"Wifi yangu huyu! Wilfred, mbona hukuniambia dada yako mzuri hivi? Na wewe una sura kama gunia la viazi! Njoo wifi, ukae karibu yangu nikusengenyee watu."

Nilimpenda papo hapo. Ndiyo shida ya akina Tarrowby, huwezi kuwachukia ukiwa umekaa nao.

Mezani kila mtu alizungumza kwa wakati mmoja. Sidonie alimweleza Baba namna ya kutua kwa ndege iliyoishiwa mafuta. Venetia na Rosalba waligombana juu ya kofia. Lodi Tarrowby mwenyewe alizungumza na mbwa wake tu. Katikati ya kelele hizo nilimwona mwanamume mmoja mwishoni kabisa mwa meza, amevaa koti la kahawia lililochakaa viwiko, anakata nyama na kuzipitisha sahani. Hakuna aliyetutambulisha kwake.

Mama aliniegemea. "Yule ni nani?"

"Labda mtumishi, Mama."

"Mtumishi gani anakaa mezani?"

"Ambrose, mbwa anataka kutoka!" Sidonie alipiga kelele. Yule mwanamume akainuka, akamfungulia mbwa mlango, akarudi.

"Ambrose, dirisha!" Akafunga dirisha.

"Ambrose, mwambie Baba mkono wake uko ndani ya mchuzi."

Udadisi ni ugonjwa wangu tangu utotoni. Nikamnong'oneza Lettice sikioni. "Ambrose ni nani?"

"Nani? Aa, Ambrose!" Lettice alicheka kana kwamba nimemkumbusha mwavuli aliousahau garini. "Ni kaka yetu. Sikukutambulisha? Ambrose, msalimie wifi yangu!"

Aliinua macho. Yalikuwa ya kijivu, matulivu, na yalinitazama bila haraka, kama mtu anayesoma ukurasa mpaka mwisho.

"Poleni na safari, dada," alisema. "Mvua haikuwasumbua sana?"

Alikuwa mtu wa kwanza katika nyumba ile kutuuliza chochote.

Nikashindwa kumwacha. Kaka? Mrithi wa jina na nyumba na cheo, na mimi niliyesoma kila gazeti kuhusu familia hii sikujua kama yupo! Tone la maji lilipoanguka kutoka darini likamlenga Baba katikati ya upara, Ambrose alinyanyuka kimya na kutoka. Nikahesabu sababu za kubaki kitini, sikupata hata moja. Nikamfuata.

Nilimkuta ghorofa ya juu, kwenye ukumbi mrefu uliojaa mabeseni, ndoo, sufuria na kombe moja kubwa la fedha la mbio za farasi, vyote vikikinga maji ya mvua. Alikuwa anamwaga beseni nje ya dirisha.

"Umepotea?" aliuliza.

"Hapana. Nimekufuata wewe."

"Mimi?" Aligeuka nyuma, nadhani kuona kama kuna mtu mwingine.

"Nipe hiyo ndoo."

"Utalowesha gauni."

"Litakauka."

Tukamwaga maji, yeye dirisha hili, mimi dirisha lile. Nikamuuliza, "Kwa nini wewe hutoki gazetini?"

"Sijafanya kitu cha kuandikwa."

"Hakuna mtu asiyefanya kitu."

Alifikiri. "Sidonie akianguka na ndege kwenye shamba la mtu, mimi ndiye ninayekwenda kumwomba radhi mwenye shamba. Rosalba akisahau kufika kwenye harusi, mimi ndiye ninayewaambia wageni. Chui wa Venetia, mimi ndiye niliyemrudisha kwa treni."

"Chui kwenye treni? Behewa gani?"

Akacheka. Kicheko chake kilikuwa kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi, kilianza kwa kukwama. "Watu wote walisikia kisa kile, na hakuna aliyewahi kuniuliza behewa gani."

"Mimi nauliza."

"La mizigo. Nilikaa naye sakafuni. Aliogopa kuliko mimi, maskini. Alilaza kichwa hapa," akagusa paja lake, "akatetemeka mpaka tukafika."

"Na wewe unapenda nini? Si kutumwa. Kupenda."

Akaweka beseni chini. Matone yakaendelea kugonga vyombo.

"Unajua sijui? Subiri nifikiri."

"Fikiri tu, nina beseni zima hapa."

"Mipeasi," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini kama anayetoa siri. "Nimepanda mipeasi nyuma ya banda la farasi. Wanakula matunda yake kila mwaka, hawajawahi kuuliza yametoka wapi."

Tulishika lile kombe la fedha pamoja, kwa sababu lilikuwa zito. Vidole vyetu vilikutana chini yake. Maji yalishamwagika yote, na bado hakuna aliyeachia. Nilisikia joto linanipanda shingoni. Yeye alikuwa ananitazama tena namna ile, polepole, mpaka mwisho.

"Ambroooose!" sauti nne zilipaa kutoka chini.

Akafumba macho kidogo, akaweka kombe mahali pake, akateremka.

Garini, tukirudi, Baba alisema, "Wale ni watu au sarakasi?"

"Yule kijana wa mwisho wa meza ana adabu," Mama alisema.

"Kijana gani?"

Hata Baba hakumwona.

Maandalizi ya harusi yakaanza, na Ambrose akaanza kutumwa kwetu Cawdale. Alitumwa kuhusu maua. Akatumwa kuhusu mchungaji. Akatumwa kuuliza kama magari manne yataingia uani, jambo ambalo lingeweza kuulizwa kwa simu. Baba alikuwa kiwandani nyakati hizo, na mimi nilimpeleka mgeni kutembea juu kilimani, penye upepo na kondoo. Nilimuuliza maswali, naye akazoea kujibu. Siku moja akaniuliza la kwake: "Hester, wewe huchoki kunisikiliza?" Nikamwambia sijachoka, na kwamba aendelee kuniita Hester hivyo hivyo, bila bi wala dada. Tuliporudi nyumbani sikumbuki kama miguu yangu iligusa nyasi.

Ikabaki wiki moja.

Jumamosi ile Wilfred alikuwa sebuleni anapimwa suti ya harusi. Fundi alikuwa amekwenda jikoni kunywa chai, akamwacha bwana harusi amesimama katikati ya chumba na pini kila mahali. Baba alikuwa anamtania. Ambrose akaingia hana kofia, amelowa mabega, na nilipomwona tu nilijua safari hii hakuja kuhusu maua.

"Wilfred, keti tafadhali."

"Siwezi kuketi, shemeji, nina pini. Sema tu."

"Lettice ameondoka." Alisema akimtazama usoni. "Yuko Nice, Ufaransa, na mtu mwingine, dereva wa magari ya mashindano. Harusi haipo tena. Nyumbani waliniambia nipige simu. Nikaona haikufai kuambiwa hivyo. Nimekuja kukuomba radhi kwa niaba yetu sote."

Wilfred aliendelea kutabasamu kwa muda, kama uso ulikuwa haujapata habari. Kisha akampiga. Alimpiga ngumi moja tu, ya mtu ambaye hajawahi kupiga mtu, lakini damu ilitoka puani mpaka kwenye kola. Ambrose hakuinua mkono wala kurudi nyuma.

"Toka nyumbani kwangu," Baba alisema.

Mimi nilishafika na leso yangu. "Hester, rudi huku!"

"Anatoka damu, Baba."

"Akatokee damu barabarani!"

"Mzee ana haki," Ambrose alisema. Alichukua leso, na macho yake yakakaa juu yangu kwa namna iliyoniuma. "Nilikuwa na neno jingine la kusema leo. Lakini leo si siku yake."

"Neno gani?" nikauliza.

"Si leo, Hester."

Chumba kizima kikasikia alivyolitamka jina langu. Baba alinigeukia taratibu.

"Hester? Tangu lini huyu anakuita Hester?"

"Nilimwambia mwenyewe aniite hivyo."

"Mungu wangu." Baba alishika kiti. "Hawajashiba. Wamemla mmoja, wanarudi kumchukua wa pili."

Hapo simu ikalia ukumbini. Mama, ambaye alikuwa karibu nayo, akaipokea, akasikiliza, akageuka akiwa ameishika kama samaki aliye hai.

"Ni mama yako," alimwambia Ambrose.

Mke wa Lodi Tarrowby alikuwa mtu wa kuzungumza na simu kana kwamba anaita mtu ng'ambo ya mto. Tulisikia kila neno.

"Ambrose! Umeshawaambia? Vizuri. Sasa usirudi huku, nenda moja kwa moja Dover ukapande meli. Yule mwanaharamu amemwacha Lettice hotelini, analia, hana hata viatu! Treni inaondoka hapo saa tisa na nusu, bado unaiwahi!"

Niliona mwili wake unageuka wenyewe kuelekea mlangoni. Alikuwa amefanya hivyo maisha yake yote. Moyo wangu ulizama, maana nilijua akipanda treni ile hatarudi tena. Leo angemfuata Lettice, kesho Venetia, keshokutwa ndege ya Sidonie, na mimi ningebaki kilimani na kondoo.

Mguu mmoja ulishapiga hatua. Halafu akasimama.

"Hapana, Mama."

"Simu hii mbovu. Nimesikia umesema hapana."

"Umesikia sawasawa."

Hata Baba alikuwa ameinamisha sikio.

"Sasa nani atakwenda?"

"Sidonie ana ndege, Mama."

"Sidonie ana miadi na msusi!"

"Ataahirisha."

"Lakini Ambrose, wewe ndiye unayekwenda! Wewe siku zote…"

"Najua." Aliishika simu kwa mikono yote miwili. "Lettice ana watu watatu huko nyumbani wa kumfuata, na ana ulimi wa kujitafutia viatu. Hapa kuna mtu tumemuumiza, na sijamaliza kumwomba radhi. Kwaheri, Mama."

Akaweka simu chini polepole, kama mtu anayeweka yai. Alikuwa mweupe kama chokaa, isipokuwa pua.

Wilfred ndiye aliyezungumza. Alikuwa amekaa, pini na yote, na machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi.

"Mwache anawe uso, Baba."

"Wilfred…"

"Wale wengine walikula nasi, wakacheka nasi. Lettice hakuja. Mama yake hakuja. Amekuja huyu, na alijua nitampiga."

Baba aligeukia dirisha. "Atanawa," alisema. "Halafu ataondoka, na sitaki kumwona mlangoni kwangu tena."

Nilimpeleka chumba cha kufulia, nyuma ya jikoni. Fundi alipotuona na damu ile aliondoka na kikombe chake bila kuuliza. Nikafungua bomba, nikalowesha kitambaa, nikamfuta mwenyewe. Aliniachia, macho ameyafumba.

"Neno gani?" nikasema.

"Hester."

"Neno gani, Ambrose? Sikuachi mpaka uniambie."

Akafumbua macho. "Nilitaka kumwomba baba yako ruhusa ya kuja kukuona. Kuja mwenyewe, bila kutumwa na mtu."

"Na sasa?"

"Sasa sina haki ya kuomba. Kaka yako yule pale amevunjika. Kila akiniona atamwona Lettice. Nitakuwa msumari mezani kwenu."

"Sijakuuliza haki. Nimekuuliza unataka?"

Maji yalikuwa yanatiririka, hakuna aliyeyafunga. Alichukua mkono wangu uliolowa, akauweka kwenye shavu lake, akauegemea kama mtu aliyechoka sana.

"Nataka," alisema. "Nataka mpaka najishangaa. Sijawahi kutaka kitu namna hii, na sijui watu hufanyaje."

"Watu huja," nikamwambia. "Njoo Jumapili, baada ya ibada, mlango wa mbele. Baba atakufungia mlango usoni."

"Najua."

"Halafu njoo tena."

"Nitakuja."

"Na Wilfred niachie mimi."

Aliubusu mkono wangu kiganjani, mara moja, kwa mdomo ambao bado ulikuwa na alama ya damu, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Magazeti yaliandika wiki nzima. Sidonie alimfuata Lettice kwa ndege, wakatua kwenye shamba la kabichi huko Kent, na picha yao ikatoka ukurasa wa kwanza, dada wawili wanacheka matopeni. Kaka yao hakutajwa.

Mimi nilizungumza na Wilfred. Haikuwa rahisi. Siku ya kwanza alinyamaza, siku ya pili aliniita msaliti, na nililia nikamwambia akinikataza nitamwacha Ambrose. Alinitazama sana.

"Ungemwacha kweli?"

"Ningemwacha."

"Na ungenichukia."

"Nisingekuchukia. Ningekuwa tu sicheki tena."

Akashusha pumzi. "Mbona hunipi nafasi ya kuwa mtu mbaya, Hester?" alisema, akaenda kulala.

Jumapili Ambrose akaja. Baba alifungua mlango, akamtazama kuanzia kofia mpaka viatu, akaufunga. Jumapili iliyofuata aliufungua, Ambrose akawahi kusema "Habari za asubuhi, mzee," ukafungwa. Ilikuwa safari ya saa nyingi kutoka Shropshire, na kila mara alisimama pale, akavua kofia, akafungiwa, akarudi kituoni. Mimi niliambiwa nikae juu, nikakaa, paji la uso kwenye kioo cha dirisha. Aliinua macho, tukatazamana mpaka akapotea kwenye kona. Mtaa mzima ulianza kujua. Watu waliotoka kanisani walipunguza mwendo.

"Amekuja tena yule mpumbavu," Wilfred alisema Jumapili moja, akichungulia dirishani pembeni yangu. Na katika neno lile *mpumbavu* nilisikia kitu ambacho nilikuwa sijakisikia tangu suti irudishwe kwa fundi. Alikuwa anakaribia kucheka.

Theluji ilianza mapema mwaka ule. Jumapili hiyo ilianguka tangu alfajiri, treni zikachelewa, na chakula kilikuwa kimeshaandaliwa. Mama aliweka sahani mezani, akaweka moja zaidi, hakusema kitu. Wilfred aliiona, akasogeza kiti chake kupisha nafasi. Baba aliiona pia. Alikuwa anakoroga chumvi kwenye mchuzi uliokwisha kukolea.

Nilikuwa nimeshatumwa juu kama kawaida mlango ulipogongwa.

Baba alikwenda mwenyewe, kama kawaida. Niliteremka ngazi nusu, nikashika ukingo wake. Ambrose alikuwa amesimama kizingitini mweupe mabega yote, kofia mkononi, nywele zimejaa theluji, midomo imekuwa ya buluu.

Baba alimtazama. Mlango haukufungwa. Ulikaa wazi, na baridi ikaingia mpaka ngazini nilipokuwa.

"Wewe kijana," Baba alisema, "unakula nyama ya kondoo?"

"Nakula, mzee."

"Basi ingia, ufunge mlango. Unatuulia moto."